Mahekalu ya Himachal kwa wiki mbili: kutoka Kangra hadi Sarahan

Mara ya kwanza nilipopanda milima ya Himachal Pradesh, wakala mmoja wa safari jijini Delhi aliniuzia mahekalu 12 kwa siku 4. Karatasi yake ilikuwa nzuri, ina picha na mishale. Niliingia mahekalu matano, mawili nikayaona kupitia kioo cha gari, mengine sikuyaona kabisa. Ninachokikumbuka zaidi kwenye safari ile ni kisogo cha dereva.

Nilirudi tena kwa akili yangu mwenyewe: wiki mbili, bonde baada ya bonde, kwa mabasi ya watu wote na teksi za hapa na pale. Njia ninayoiandika hapa ni ile ya mara ya pili. Ukiwa na wiki moja tu, fanya bonde la Kangra peke yake kisha urudi Delhi. Usijaribu kuibana njia nzima, maana huko kilomita 100 si saa moja na nusu. Ni saa nne, na kuna siku zitakuwa sita. Kila utakapoulizia umbali, uliza saa.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwanza

Himachal ni jimbo la kaskazini mwa India, kwenye mabega ya Himalaya. Zaidi ya wakazi 9 kati ya 10 ni Wahindu, na wenyewe huiita nchi yao Dev Bhumi, yaani ardhi ya miungu. (Tuwekane sawa mapema: Mhindi ni mtu wa India, Mhindu ni mfuasi wa dini. Kwetu tunayachanganya maneno haya kila siku. Huko kuna Wahindi Masingasinga, Wabudha na Waislamu, nao hawapendi kuchanganywa.)

Miezi mizuri ni kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzo wa Juni, halafu mwisho wa Septemba hadi Novemba. Julai na Agosti kaa mbali. Ndiyo masika yao, na milima ile ikinywa maji hushuka. Tarehe 14 Agosti 2023, eneo la Summer Hill mjini Shimla, kilima kiliporomoka asubuhi juu ya hekalu la Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, watu wakiwa ndani kwenye ibada, wakafa wapatao 20. Shida ni kwamba msimu huo wa mvua ndio pia mwezi wa Sawan, mwezi mtukufu wa Shiva, kwa hiyo mvua na umati huja pamoja.

Umati nao uupangie. Sikukuu ya Navaratri ya siku tisa huja mara mbili, karibu na Machi au Aprili na tena Septemba au Oktoba, na mahekalu ya miungu wa kike hufurika. Hekalu la Naina Devi, kusini mwa jimbo hilo, lilipata mkanyagano tarehe 3 Agosti 2008 uliochukua roho za watu zaidi ya 140, wengi wanawake na watoto, baada ya watu kuingiwa na hofu kwenye njia ya kupandia. Ukijikuta kwenye foleni iliyobanana ukutani na ngazi ni nyembamba, toka. Mungu hataondoka, kesho utamkuta.

Sherehe moja ninayokushauri uifuate kwa makusudi ni Dussehra ya Kullu, mwezi Oktoba. Kwingine India sherehe hiyo inapokwisha, Kullu ndiyo kwanza inaanza, na huendelea siku saba. Vijiji vya bonde zima huwabeba miungu yao kwenye machela mabegani, kwa ngoma na mabaragumu marefu, hadi kwenye uwanja wa mji. Hufika zaidi ya miungu 200. Utaona machela inayumba, inarudi nyuma, inakataa kupita njia fulani, na wabebaji watakwambia si wao, ni mungu mwenyewe. Kila mungu ana mtu wake wa kusema kwa niaba yake, huitwa gur. Anapandwa, anatetemeka, anatoa maneno. Aliyewahi kuona ngoma ya pungwa pwani, na mtu akaitwa kiti, hatahitaji maelezo marefu. Lakini vyumba Kullu siku hizo hupanda bei kama vya Zanzibar mwezi wa Desemba, kwa hiyo weka nafasi mapema.

Hatua ya 2: Makaratasi, pesa, viatu

Viza ya utalii ya India hupatikana mtandaoni kwa Watanzania, Wakenya, Waganda na wengi wa jirani zetu. Omba wiki mbili kabla, na uhakikishe upo kwenye tovuti ya serikali ya India. Ziko nyingine nyingi zinazofanana nayo, zote za watu wa kati wanaokula cha juu. Beba kadi ya manjano. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo bila chanjo ya homa ya manjano anaweza kuwekwa karantini uwanjani, na hapo safari ya mahekalu imegeuka safari ya wodi.

Pesa: wenyeji wanalipa kila kitu kwa simu, hata muuza karanga ana kibao chake cha kuskani. Mfumo huo kwa kawaida hutegemea akaunti ya benki ya kwao, kwa hiyo wewe beba noti. Toa fedha za kutosha mjini, Dharamshala, Mandi au Shimla. Kuingia mahekalu yanayotumika ni bure. Sadaka ni hiari na iende kwenye sanduku. Anayekufuata na sahani ya maua akitaja bei, mwambie nahin, kwa upole, uendelee kutembea.

Viatu ndivyo vitakavyokuchosha kuliko milima yenyewe, kwa sababu utavivua mara kumi kwa siku. Acha buti za kamba. Vaa kitu unachokivua kwa kisigino, na uwe na soksi nene mfukoni, maana marumaru ya hekalu saa kumi na mbili asubuhi ni barafu. Mkanda wa ngozi, pochi ya ngozi na mkoba wa ngozi viache nyumbani. Yako mahekalu ambayo hutaingia navyo, na kuanza kufungua mkanda mlangoni mbele ya akina mama si heshima.

Kuhusu lugha usiogope. Kiingereza kipo mijini, na Kihindi chenyewe kina maneno utakayoyakuta yamekaa kama ndugu: sabun, mez, qalam, kitab, dava, hawa, duniya. Mengine tulichukua kwao moja kwa moja. Mtu akikwambia ukarabati wa paa uligharimu laki tano, hana haja ya kukutafsiria. Gari ni gari, chapati ni chapati.

Hatua ya 3: Adabu za ndani

Mhindu haendi hekaluni kusikiliza mahubiri. Anakwenda darshan: kumwona mungu na kuonwa naye. Ndiyo maana foleni ya saa mbili inaishia kwenye sekunde kumi mbele ya sanamu, na hakuna anayelalamika. Ukilijua hilo hutakaa katikati ya njia ukitafuta pembe ya picha.

Ndani zunguka kwa kuliweka hekalu upande wako wa kulia, kama mshale wa saa unavyokwenda. Kwa Shiva kuna tofauti: maji yanayomwagiwa jiwe linalomwakilisha hutoka kwa mfereji mdogo upande mmoja, na mfereji huo hauvukwi. Watu hufika pale wakageuka kurudi walikotoka. Fuata walio mbele yako. Chumba cha ndani kabisa hakipigwi picha. Simu iwe mfukoni.

Kuhani, pujari, atakupa prasada: chakula kilichokwisha kutolewa kwa mungu, mara nyingi bisi za mchele, sukari ya mawe au kipande cha nazi. Pokea kwa mkono wa kulia. Kama imani yako haikuruhusu kula, mpe mtoto aliye karibu, lakini usiitupe wala kuiweka chini. Na akitaka kukupaka rangi kwenye paji la uso nawe hutaki, kunja viganja kifuani na utikise kichwa. Nimeona Waislamu na Wakristo wakifanya hivyo, hakuna aliyewakunjia uso. Wanawake walio kwenye hedhi huombwa katika mahekalu mengi wasiingie. Hakuna anayekagua, lakini ujue kwamba desturi hiyo ipo.

Yako pia mahali ambapo mgeni hakaribishwi ndani, na mlangoni pataandikwa au utaambiwa. Mfano mkali ni kijiji cha Malana, katika milima ya Kullu: mgeni hagusi ukuta wa hekalu, na akigusa hutozwa faini. Usibishane. Mgeni njoo, mwenyeji apone, haina maana kwamba mgeni aingie hadi chumba cha kulala.

Hatua ya 4: Bonde la Kangra, siku nne

Kutoka Delhi panda basi la usiku la kwenda Dharamshala kwenye stendi ya Kashmere Gate. Ni kati ya saa 10 na 12. Tafuna tangawizi kabla ya alfajiri, kwani kona zinaanza hapo. Shuka Kangra mjini kama unataka utulivu. Dharamshala kuna watalii zaidi na chakula cha kila namna.

Siku ya kwanza lala, halafu jioni nenda Vajreshwari, katikati ya mji wa Kangra. Hekalu hili lilikuwa tajiri kiasi kwamba sultani Mahmud wa Ghazni alikuja kulipora mwaka 1009. Unaloliona leo ni jipya: la kale liliangushwa na tetemeko la tarehe 4 Aprili 1905, lililoua watu karibu 20,000 katika bonde hili, na kujengwa upya kukamalizika 1920. Hilo tetemeko likumbuke. Litarudi katika kila hekalu utakalozuru, ama limeangusha, ama limeshindwa.

Siku ya pili ni ya Jwalamukhi, kama kilomita 35 kusini, na kama ungeniambia nichague moja tu katika njia hii ningechagua hili. Nenda alasiri, ukae mpaka usiku. Ndani hamna sanamu. Kuna moto. Miali tisa inatoka kwenye nyufa za mwamba, mkubwa zaidi ndani ya kishubaka, mingine midogo kama ya mshumaa, na hakuna kuni, hakuna mafuta, hakuna utambi. Ni gesi ya ardhini. Ukisogea utaona mwali una buluu kwa chini, kama wa jiko la mtungi lililo jikoni kwako, na shavu litapata joto. Pale upepo wa watu unapouzima mwali mdogo, pujari anausogezea utambi nao unashika tena kwa mlio mdogo wa puf.

Kwa Wahindu hapa ndipo ulipoanguka ulimi wa Sati, mke wa Shiva, mwili wake ulipotawanyika duniani. Wenyeji watakusimulia pia kwamba mfalme Akbar alileta maji na bamba la chuma kuuzima moto, ukashindikana, ndipo akaleta mwavuli wa dhahabu kama zawadi, nao ukageuka madini yasiyojulikana. Mwavuli unaonyeshwa. Hadithi ni hadithi, lakini paa la dhahabu ni la historia: lilitolewa na Maharaja Ranjit Singh mwaka 1815, naye alikuwa Singasinga. Usiku kuna ibada ya kumlaza mungu. Kitanda kinatandikwa, nguo zinawekwa, kana kwamba bibi mwenye nyumba anajiandaa kulala. Wengi huwa wameshaondoka na mabasi yao. Ndiyo sababu nasema ulale Jwalamukhi, hata kama vyumba vyake ni vya kawaida sana.

Siku ya tatu, kodi teksi kwenda Masrur, maana mabasi ya huko ni ya kubahatisha. Patana bei ya kwenda, kungoja na kurudi kabla ya kuingia garini. Masrur halikujengwa, lilichongwa: wachongaji wa karne ya 8 hivi waliukabili mwamba wa mchanga kutoka juu, wakaondoa kila kilichokuwa si hekalu. Ni kazi ya jamaa moja na makanisa ya Lalibela kule Ethiopia, ingawa huku ni ya karne kadhaa mapema zaidi. Haikumalizika, na tetemeko lilipasua sehemu yake. Mbele yake kuna bwawa la mstatili, na kukiwa hakuna upepo hekalu zima hulala kichwa chini majini, na theluji ya milima ya Dhauladhar nyuma. Mahali hapa panasimamiwa na idara ya mambo ya kale, kwa hiyo kuna tiketi, na ya mgeni ni ghali kuliko ya mwenyeji. Tumezoea, hata Serengeti ni hivyohivyo.

Siku ya nne elekea mashariki hadi Baijnath, ukipita mashamba ya chai ya Palampur. Mtu wa Mufindi au Kericho atajiona yuko nyumbani, isipokuwa hiyo theluji. Hekalu la Baijnath ni la Shiva, la mawe, lilijengwa mwaka 1204 na ndugu wawili wafanyabiashara, Manyuka na Ahuka, na tunajua hivyo kwa sababu waliandikisha kwenye mabamba ya mawe ambayo yamo humo ndani hadi leo. Tetemeko la 1905 lililitikisa likabaki. Kaa nyuma, upande wa bonde, saa ya jua la asubuhi, uangalie michongo ya kuta za nje kabla joto halijapanda.

Baijnath hawachomi sanamu ya Ravana siku ya Dussehra kama wanavyofanya kwingine India. Ravana, jitu la vichwa kumi, adui wa mungu Rama, wao wanamkumbuka kama mja mkubwa wa Shiva aliyeabudu hapohapo, na kumchoma mja mbele ya bwana wake wanaona ni balaa. Nilimuuliza muuza chai mbele ya hekalu kama ni kweli. Akanijibu kwa swali: "Wewe unaweza kumpiga mgeni wa jirani yako mlangoni pake?"

Hatua ya 5: Mandi, kwa kupita

Mandi wanaiita Kashi ndogo kwa wingi wa mahekalu, 81 kwa hesabu yao. Usiyatafute yote. Lala usiku mmoja, asubuhi ingia Bhutnath lililo katikati ya soko, la mwaka 1527, watu wakipita kupiga kengele kabla ya kufungua maduka, halafu shuka hadi Panchvaktra, la Shiva wa nyuso tano, kwenye makutano ya mito Beas na Suketi. Julai 2023 Beas ilifurika hadi ikaliingia ndani, picha zake zikazunguka India nzima: mnara wa mawe katikati ya maji ya tope, umesimama. Lilijaa udongo, wakauzoa.

Hatua ya 6: Kullu na Manali

Kwanza Bijli Mahadev. Panda basi au teksi kutoka Kullu mjini hadi Chansari, kisha tembea kilomita 3 za ngazi na msitu. Hekalu liko mita 2,460 juu ya bahari, chini kidogo ya kibanda cha Mandara cha Kilimanjaro, kwa hiyo pumzi itapungua kidogo tu. Kwa mtu wa kawaida ni saa moja na nusu. Ondoka mapema. Mawingu yakianza kujikusanya mchana, geuza, hata kama umebakiza ngazi mia. Jina lenyewe linakuonya: bijli ni radi, na ndilo neno hilohilo la umeme wa nyumbani. Mbele ya hekalu umesimamishwa mlingoti wa mti wenye urefu wa karibu mita 20. Wenyeji husema radi hupiga pale, ikashuka hadi ndani na kulipasua jiwe la Shiva vipandevipande, naye pujari huviokota na kuviunganisha kwa siagi na unga. Kwa imani yao Shiva anajitwika mwenyewe radi ambayo ingewaangukia watu na mifugo bondeni. Uwanja wa nje ni majani matupu, na chini yako mito Beas na Parvati inakutana Bhuntar. Beba chakula na maji, na urudi na takataka zako.

Kesho yake Manali, hekalu la Hidimba. Fika saa moja asubuhi, kabla ya watu wa sungura na wa ng'ombe manyoya hawajafika kukutoza picha. Lilijengwa 1553 na Raja Bahadur Singh, ndani ya msitu wa mierezi mirefu ambayo mchana hufanya giza la jioni. Ni la mbao, paa nne zimepandana, tatu za mraba na ya juu kabisa yenye umbo la pia, jumla mita 24. Mlango wake ni mdogo, unainama kuingia, na fremu yake yote imechongwa miungu, wanyama na maua. Kwenye kuta za nje zimetundikwa pembe za mbuzi mwitu na kulungu. Ndani ni kama pango: mwamba mkubwa, na chini yake alama wanayoiita wayo wa Hidimba.

Huyo Hidimba ni nani? Katika Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa Wahindu, ni jitu la kike la msituni lililompenda Bhima, mmoja wa ndugu watano Pandava. Kaka yake alitaka kuwala ndugu hao, yeye akachagua upande wa mpenzi. Bhima akamuua kaka, akamuoa dada, akazaa naye Ghatotkacha, kisha akaendelea na safari. Yeye akabaki akiabudu peke yake hadi akawa mungu. Leo ndiye bibi wa ukoo wa wafalme wa Kullu, na Dussehra yao haianzi mpaka afike. Mtoto wake naye ana mahali pake hatua chache kutoka hapo, chini ya mti mmoja mkubwa uliojaa pembe na vipande vya chuma. Wageni wengi hupita bila kuuona.

Ukiwa na siku ya ziada katika bonde hili, Manikaran kuna chemchemi za maji moto ambamo mchele huiva ukiwa kwenye mfuko wa kitambaa. Hekalu la Kihindu na gurudwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, zimekaa bega kwa bega, na gurudwara inalisha kila anayeingia bila kuuliza jina.

Hatua ya 7: Shimla, na mnyama wake

Manali hadi Shimla inakula siku nzima. Usipange kitu kingine. Asubuhi inayofuata panda Jakhoo, hekalu la Hanuman, kwa miguu nusu saa hadi saa moja kutoka Ridge, uwanja wa katikati ya mji, au kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye waya. Sanamu ya Hanuman ina futi 108, na 108 ni namba yao tukufu. Inaonekana mji mzima.

Hanuman ni mungu mwenye sura ya tumbili, na tumbili wa Jakhoo wanalijua hilo vizuri mno. Vua miwani kabla ya lango, funga simu kwenye mfuko wa zipu, na usishike mfuko wa plastiki. Mimi niliambiwa, nikajifanya mjuaji. Alikuja kwa nyuma, kutoka juu ya ukuta, akanivua miwani kwa ustadi wa kinyozi, akapanda nayo juu ya bati akaitafuna mkono mmoja huku ananitazama. Mzee mmoja akamrushia pakiti ya prasada. Akaipokea, akaiachia miwani. Halafu mzee akanigeukia na kunyoosha kiganja. Nililipa. Sina ushahidi kwamba wana ubia.

Hatua ya 8: Sarahan

Kutoka Shimla hadi Sarahan ni kama kilomita 170 kufuata mto Sutlej, saa 6 hadi 7. Watu wengi hukata hapa wakasema wameshaona mahekalu ya kutosha. Wewe nenda. Hekalu la Bhimakali, mungu wa ukoo wa wafalme wa Bushahr, ni minara miwili ya mbao na mawe yenye paa za vigae vya mawe, na mbele yake kilele cha Shrikhand Mahadev cheupe.

Ukuta wake uangalie kwa karibu. Safu ya boriti za mwerezi, safu ya mawe makavu, boriti, mawe, mpaka juu, na pembeni boriti zinashikana kama vidole vilivyofumbatana. Hakuna saruji wala udongo. Wanaiita kath-kuni, kona ya mbao. Ardhi ikitetemeka mbao zinacheza, mawe yanasogea kidogo na kurudi, nyumba inabaki. Kuna fundi niliyemkuta akibadilisha boriti moja iliyooza katika nyumba ya jirani: waliinua ukuta kwa kabari, wakachomoa boriti, wakasukuma mpya, bila kubomoa chochote juu yake. Kazi ya asubuhi moja.

Mlangoni utaacha ngozi zote, simu na kamera kwenye kabati, na utavaa kofia. Kama huna watakuazima, ya duara yenye ukingo wa rangi ya kijani. Wanaume na wanawake, kichwa kifunikwe. Mnara wa zamani uliyumbishwa na 1905, kwa hiyo mungu alihamishiwa mnara mpya, uliojengwa karne ya 20. Yuko ghorofa ya juu. Ngazi ni za mbao, nyembamba, zinalia. Ibada ya alfajiri ni ya watu wachache, pujari na wanavijiji watano sita, na moshi wa ubani wa mwerezi. Lala kwenye nyumba ya wageni ndani ya ua wa hekalu ukipata nafasi. Chakula ni wali na rajma, yaani maharage mekundu. Mtanzania hatalala njaa.

Hatua ya 9: Kurudi

Usirudi Delhi kwa basi. Kata tiketi ya treni ndogo ya Shimla hadi Kalka: kilomita 96, mahandaki 102, ilifunguliwa 1903 na iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Inachukua saa 5 hivi, na Kalka unaunganisha treni kubwa. Tiketi za mwisho wa wiki huisha mapema, kwa hiyo kata kabla hujaenda Sarahan, si baada ya kurudi. Kaa dirishani, shuka Barog treni inaposimama ununue kitumbua chao cha viazi, na usiende mbali na behewa. Hata hapo bado uko mikononi mwa mungu wa kike: jina la Shimla wenyeji hulitoa kwa Shyamala, na Kalka limetokana na hekalu la Kalka lililo mjini humo. Yote mawili ni majina ya Kali. Kama una saa moja kabla ya treni ya Delhi, hekalu hilo unafika kwa bajaji.